Sifuri za Bondeni

Machi 2

Daktari wa presha amenipa vidonge vya aina mbili na amri moja: niandike hasira zangu kwenye daftari badala ya kuwamwagia watu. Nikamwambia watu ninaofanya nao kazi wanastahili kumwagiwa. Akanifunga tena kile kitambaa mkononi, akapima, ikawa imepanda. Basi naanza leo, na atakayeyasoma haya bila ruhusa asinilaumu kwa atakayoyakuta.

Kazi yangu ni kuhesabu malaria kabla haijafika. Mbu jike hana budi kuuma mara mbili: mara ya kwanza anachukua vimelea kwa mgonjwa, mara ya pili anamtia navyo mtu mzima wa afya. Katikati hapo anatakiwa aishi siku kumi hivi, vimelea vikomae ndani yake, na mbu wengi hufa kabla. Nikijua mbu ni wangapi kwa kila mtu, wanauma mara ngapi na wanaishi siku ngapi, ninaweza kukwambia mwezi wa tano utakuwa na wagonjwa wangapi na watatoka mtaa gani. Hiyo ndiyo modeli. Mkuu wa kitengo hulitaja neno hilo kwa sauti ya mtu anayetaja mali yake, lakini hajawahi kufungua mlinganyo hata mmoja.

Ofisini wananiita Mwalimu kwa kuwa nilifundisha hesabu sekondari miaka sita. Nisipokuwepo wananiita Mwalimu Pilipili. Wanadhani sijui, na kuta zenyewe ni mbao nyembamba.

Mwaka huu dawa ya kupulizia kuta inatosha mtaa mmoja tu kati ya miwili: wa juu au wa bondeni. Modeli ndiyo itakayoamua, na modeli ni yangu.

Machi 6

Mvua imeanza. Paa linavuja juu ya printa. Huu ni mwaka wa nne, na kila mwaka tunasogeza printa badala ya kuziba paa.

Machi 9

Nimetoa matokeo. Dawa iende mtaa wa juu.

Watu wote walitarajia bondeni, kwa sababu bondeni kuna maji na mbu hupenda maji. Ndiyo hesabu ya watu wasiohesabu. Takwimu zangu za misimu miwili zinasema kinyume: mvua ikizidi, mitego ya bondeni inashika mbu wachache kuliko wakati wa manyunyu. Sababu ni mifereji. Maji yakijaa yanasomba viluwiluwi vyote mpaka mtoni, mbu wanakufa kabla ya kuota mabawa. Mwaka jana nilieleza jambo hili mbele ya maprofesa, nikaliita "athari ya kuoshwa". Walipiga makofi. Mmoja aliniomba nakala ya grafu zangu.

Aliyejaribu kunitilia mchanga kwenye kitumbua leo ni Fundi Taa, mtega mbu wetu. Zamani alikuwa fundi redio. Sasa kazi yake ni kuning'iniza mitego ya taa kando ya vitanda vya watu jioni na kuikusanya asubuhi. Mtego ni taa ndogo na feni inayomnyonya mbu, na betri iko sakafuni. Ana nyumba kumi na mbili juu na kumi na mbili bondeni.

"Mwalimu," akasema mkutano ukikaribia kuisha, "mitego ya bondeni inasumbua mvua ikizidi. Maji yanaingia ndani, betri zinakufa."

"Andika kwenye fomu. Ndiyo kazi ya fomu."

"Naandika."

"Basi tumemaliza."

Mkuu akacheka, wengine wakafuata. Mzee wa watu akakunja kofia yake, akaketi.

Machi 12

Jumapili. Nimekwenda kwa mdogo wangu wa kiume, fundi wa kuchomelea, anayekaa bondeni vyumba viwili na mkewe. Wifi yangu ana mimba ya miezi sita. Zilizotangulia mbili ziliharibika, ya pili kwa malaria. Kwa mjamzito vimelea hujificha kwenye kondo la nyuma, mtoto anakosa chakula tumboni mwa mama yake mwenyewe. Haya nayajua kuliko mtu yeyote pale nyumbani, ndiyo maana yaliyofuata yaliniudhi.

"Wifi, nasikia dawa inakwenda juu."

"Inakwenda waliko mbu."

"Basi ilikuwa ije hapa. Jioni nikikaa kupika najipiga makofi mwenyewe mpaka majirani wanadhani tunagombana."

"Wewe una nyumba moja. Mimi hapa bondeni peke yake ninazo kumi na mbili."

"Zina mbu wangapi hizo kumi na mbili?"

"Wachache kuliko juu."

Akanitazama, akaendelea kuchambua mchele. Mdogo wangu akaingilia. "Dada, hata kwa ajili ya huyu aliye tumboni?"

Hapo damu ikanichemka. Yaani nimsogezee mke wa ndugu yangu dawa ya wenye shida zaidi, kwa kuwa tumenyonya ziwa moja? Nikamwambia namba hazina undugu. Akasema anajua, na kwamba siku hizi hata mimi sina. Niliondoka chakula kikiwa bado jikoni.

Machi 13

Habari zimefika ofisini, sijui zilipita wapi. Mkuu ameniita kunipongeza. "Una ndugu bondeni na bado umesimama na takwimu. Ningekuwa na watu watano kama wewe." Nilitoka pale kichwa juu. Naandika ili nisisahau kwamba msimamo unawezekana.

Machi 20

Wapuliziaji wameanza mtaa wa juu. Kazi safi.

Machi 24

Mvua.

Machi 27

Mvua. Wifi ameniandikia ujumbe: "Leo nyumba imeingia maji mpaka kifundoni. Mbu hawajaoshwa." Kumbe mdogo wangu amemsimulia nadharia yangu, na sasa wanaichezea mezani.

Aprili 3

Muuguzi wa zahanati ya bondeni amepiga simu. Wiki iliyopita wagonjwa wa malaria arobaini na mmoja. Modeli inasema kumi na wawili.

"Mmepima au mmekisia?" nikamuuliza.

"Tumepima, dada. Kupima tunajua. Tunachokosa ni vipimo, vimebaki boksi mbili."

Nikamwambia pengine wagonjwa wametoka kwingine. Akanijibu kuwa anawajua kwa majina ya watoto wao, kisha akaniaga kwa adabu iliyonikera kuliko tusi.

Aprili 7

Hamsini na wanane. Modeli inasema kumi na mmoja.

Nimeangalia mlinganyo tangu juu hadi chini mara tatu. Kiwango cha kuuma ni sahihi. Umri wa mbu ni sahihi. Mlinganyo hauna kosa, kwa hiyo kosa liko kwa mtu.

Aprili 11

Nimempata mtu mwenyewe.

Nilifungua faili la bondeni nyumba kwa nyumba badala ya kuangalia wastani. Nyumba ya tatu: sifuri. Ya saba: sifuri. Ya nane, ya tisa, sifuri, sifuri. Nyumba ya kumi, iliyopakana ukuta na ya tisa: mbu arobaini na sita. Hakuna nyumba ya namna hiyo duniani, watu wamelala, mvua inanyesha, jirani ana mbu arobaini na sita na wao hawana hata mmoja wa kuwaimbia. Huyu mtu haendi. Anakaa kwake akikwepa matope, anaandika sifuri, na mimi najenga modeli juu ya uvivu wake.

Sikusubiri aitwe chumba cha pembeni. Nilimkuta kwenye korido anakung'uta koti la mvua, watu wote wakiwa wanasaini daftari la mahudhurio.

"Unatuandikia sifuri za uongo," nikasema.

"Mimi sijaandika sifuri, Mwalimu."

"Ziko kwenye kompyuta."

"Kompyuta siijui. Najua nilichoandika."

"Watu wanaumwa kwa sababu wewe unaogopa kulowa."

Hakupandisha sauti. Alivaa tena lile koti, likiwa bado linachuruzika, akasimama wima kama mtoto anayesubiri bakora. Kufika saa sita Mkuu alikuwa amemsimamisha kazi. Nilirudi mezani nikahisi nimepumua kwa mara ya kwanza tangu mvua ianze.

Aprili 12

Presha imeshuka kidogo. Daktari anasema daftari linasaidia. Nikamwambia kilichosaidia ni kumfukuza mtu.

Aprili 19

Mdogo wangu amepiga simu saa nne asubuhi. "Wifi yako amelazwa. Malaria. Ukija, usije na namba."

Aprili 20

Wodi ya wajawazito ina vitanda kumi na wanawake kumi na wanne. Wifi amelala na mwenzake, miguu ya mmoja kichwani kwa mwingine. Homa imeshuka lakini damu imepungua, macho yake meupe kwa ndani. Dripu imefungwa kwenye msumari wa dirisha kwa kipande cha bandeji. Mdogo wangu alinipa kiti, akasimama yeye.

Muuguzi anasema mtoto bado anacheza, ila kwa uvivu. Nimekaa saa mbili mkono wangu ukiwa juu ya shuka, nikisubiri acheze. Alicheza mara moja.

Narudia kujiambia: ni Fundi Taa. Ni Fundi Taa na sifuri zake. Njiani kurudi nilikuwa nasema kwa sauti, mama mmoja akahama njia.

Aprili 24

Asubuhi nimemkuta Fundi Taa kwenye benchi nje ya mlango wangu, mfuko wa nailoni magotini. Nilitaka kumpita. Akasimama. "Mwalimu, sikuja kuomba kazi. Nimekuja kukuonyesha, kisha niende."

Ndani ya mfuko kulikuwa na vitabu vyake vya nakala. Fomu zetu zina karatasi ya kaboni. Ya juu inakuja ofisini, ya chini inabaki kwake. Miaka mitatu sijawahi kuona ya chini. Na ukweli ni kwamba hata ya juu sikuwahi kuiona. Mimi huona faili.

Akafungua wiki ya mwisho ya Machi. Nyumba ya tatu: kistari, na pembeni kwa mwandiko wa fundi anayebana maneno, "betri imekufa, maji". Ya saba: kistari, "feni imeungua". Ya nane, kistari. Ya tisa, kistari, "mtego umesombwa, nimeukuta uani". Ya kumi: 46. Nikafungua kurasa nyingine, na nyingine. Vistari ukurasa baada ya ukurasa. Hakuna sifuri hata moja iliyotoka kwenye kalamu ya yule mtu.

Nikamwita karani anayeingiza takwimu. Nilimwita kwa ukali, maana tayari nilikuwa nimeshampa kesi yote kichwani.

"Kwa nini umegeuza vistari kuwa sifuri?"

"Mimi siweki sifuri, Mwalimu. Kompyuta ilikuwa inakataa kistari, inanipigia kelele. Nikakwambia. Ukasema niache wazi, itajijaza yenyewe."

"Lini nilisema?"

"Mwaka juzi. Ulikuwa na haraka ya ripoti."

Nikafungua programu. Fundi Taa amesimama nyuma yangu, karani pembeni, harufu ya koti lenye unyevu chumba kizima. Sikuchukua dakika mbili. Mstari wa mia moja na themanini: kisanduku kikiwa hakina namba, weka sifuri. Tarehe ni ya Novemba, mwaka juzi, Ijumaa jioni. Juu yake nimejiandikia mwenyewe maneno haya: "Kwa muda tu. Nitarudi kurekebisha."

Mtego uliokufa haujui chochote. Hausemi mbu hawapo, unasema sijui. Mimi nilichukua "sijui" ya betri iliyolowa nikaiandika "hakuna", nikazidisha na wastani, nikachora grafu. Maji yakizidi bondeni, mitego mingi inakufa. Mitego mingi ikifa, sifuri zinaongezeka. Sifuri zikiongezeka, modeli inaona mbu wamepungua. Na mimi, badala ya kuuliza, nikatunga hadithi ya mifereji na viluwiluwi, nikaipa jina, nikapigiwa makofi. Mvua haikuosha kitu bondeni isipokuwa betri.

Nyani haoni kundule. Nimelisema hili kwa watu tangu nikiwa darasani.

Nilipogeuka Fundi Taa alikuwa ameshavikusanya vitabu vyake. "Umeona?" akauliza. Nikasema nimeona. Akasema haya basi, akaondoka.

Aprili 25

Nimeufuta ule mstari. Pasipo na namba pabaki patupu. Nimeirudisha modeli ile ile, mlinganyo ule ule.

Katika wiki moja ya mvua kubwa ya mwaka jana, mojawapo ya zile zilizoamua dawa iende juu, mitego minane kati ya kumi na miwili ya bondeni ilikuwa imekufa. Minne iliyobaki ilishika mbu mia moja sitini na wanane. Nikigawa kwa kumi na mbili, kumi na nne. Nikigawa kwa minne iliyokuwa hai, arobaini na wawili. Mtaa wa juu ulikuwa na kumi na tisa. Mtoto wa darasa la tano angegawa sawasawa, kwa sababu angeuliza kwanza mitego mingapi ilifanya kazi.

Wifi alikuwa ameshaniambia mbu wako bondeni, akiwa anachambua mchele.

Aprili 26

Nimemweleza Mkuu, mlango umefungwa. Alisikiliza mpaka mwisho, hilo sina budi kumkubalia.

"Nani mwingine anajua?"

"Karani na Fundi Taa."

"Basi hakuna anayejua."

"Mkuu, inabidi bondeni wapuliziwe. Wiki hii."

"Dawa imekwisha. Ukisema leo, dawa haitarudi kwenye mapipa." Akashusha sauti, ile sauti yake ya kupaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. "Tutaandika kwamba mvua za mwaka huu hazikuwa za kawaida. Huo si uongo."

"Si uongo, na hauhusiani."

"Ninakulinda wewe, Mwalimu. Kosa lako likivuka mlango huu ni la ofisi, na la ofisi ni la wakubwa. Ufike huko kwa ajili ya sifuri?"

Nilimchukia. Namchukia hata sasa ninapoandika. Lakini kinachonikereketa zaidi ni kwamba wiki mbili zilizopita nilimfukuzisha mtu kazi kwa neno langu tu, na Mkuu huyu huyu hakuniomba ushahidi, na nilimpenda kwa hilo.

Aprili 28

Wifi amejifungua saa nane mchana, kabla ya wakati. Mtoto wa kike. Kilo moja na gramu mia sita. Analia kidogo, ananyonya kwa sindano isiyo na ncha, tone kwa tone. Wamemfunga kifuani kwa mama yake kwa kanga mbili, ngozi kwa ngozi, kwa kuwa mashine ya joto ni moja na ina watoto watatu ndani. Daktari hasemi atapona, anasema tungoje.

Sikumwambia wifi. Nilishindwa. Nilimwambia mtoto ana vidole virefu.

Aprili 29

Kilo moja na gramu mia tano na themanini. Wanasema hupungua kwanza.

Mei 2

Mkuu amesaini ripoti yenye "mvua zisizo za kawaida". Nami nimeandika yangu, kurasa mbili, jina langu juu na mstari wa mia moja na themanini ndani yake, nikaipeleka kwa miguu kwenye kamati ya afya, nikapigiwa muhuri wa kupokelewa. Nimerudi viatu vimejaa maji. Mkuu hanisalimu. Afadhali, maana salamu zake zilikuwa zinanipandisha presha.

Mei 4

Kamati. Mwenyekiti ni mkunga mstaafu, miwani imeshikwa na uzi, anasoma kila neno na kidole.

"Hii sifuri," akasema, "aliyeiweka yupo humu?"

"Ni mimi."

"Bondeni wameugua wangapi tangu Aprili ianze?"

"Mia tatu na kumi na wawili. Watoto wawili wamefariki, wote chini ya miaka mitano."

Mkuu alikuwa anatazama kucha zake. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nilikuwa nayataka hasa, niwe na mtu wa kupigana naye. Mwenyekiti hakunitukana. Aliuliza dawa inaweza kupatikana wapi. Mtu wa stoo akasema wilaya jirani wamebakiza mapipa sita yaliyowekwa akiba. Akauliza kwa nini hayakuombwa. Mtu wa stoo akasema modeli ilionyesha hayahitajiki.

Yatakuja wiki ijayo. Mimi nimeondolewa kwenye modeli mpaka uchunguzi uishe. Nimekubali kwa saini. Kisha nikaenda chooni nikapiga ukuta teke, na sasa dole gumba limevimba.

Mei 5

Nimekwenda kwa Fundi Taa nikichechemea. Nimemkuta barazani amefungua redio ya mtu, skrubu zimepangwa kwenye kisoda. Nikaomba radhi. Nilikuwa nimeiandaa njiani, ilikuwa ndefu na yenye heshima zake zote.

Akanisikiliza huku anapuliza vumbi kwenye redio. "Nimekusikia, Mwalimu. Lakini ulinivunjia heshima mbele ya watu. Hapa mimi na wewe tupo wawili."

"Unataka nifanye nini?"

"Si mimi wa kukufundisha. Wewe ndiye mwalimu."

Mei 8

Saa mbili kasoro robo asubuhi, kwenye korido, watu wakisaini daftari la mahudhurio. Nilimwita Fundi Taa, akaja na koti lake la mvua. Nilisimama pale pale nilipomtukania, nikasema niliyemwita mwongo ndiye aliyeandika ukweli, na sifuri zote zilikuwa zangu. Karani aliinamisha kichwa kana kwamba anayetukanwa ni yeye. Mfagiaji akaacha kufagia. Nilidhani nitajisikia nafuu. Nilichojisikia ni joto la masikio.

Fundi Taa akasema, "Yamekwisha." Kisha akamgeukia Mkuu. "Betri za bondeni ziinuliwe kwenye stuli. Nimeomba mara tatu kwenye fomu." Stuli kumi na mbili zimeagizwa leo hii hii. Miaka mitatu nimekuwa nahitaji stuli.

Mei 11

Wapuliziaji wameingia bondeni. Wanaanza nyumba za ukingo wa mfereji, wanapanda. Kwa mdogo wangu watafika Jumatatu.

Mtoto ameruhusiwa. Kilo moja na gramu mia nane.

Mei 13

Nimekwenda bondeni. Mdogo wangu alikuwa kazini. Wifi alikuwa kitandani, mtoto kifuani, chandarua kimefungwa fundo juu. Chumba kinanukia maziwa na nguo zisizokauka. Nilikuwa nimeshaahirisha siku kumi na tano, na nikaona nikikaa tu nitaahirisha tena, basi nikaanza nikiwa bado nimesimama.

Nilimweleza yote. Mitego, vistari, ule mstari, Ijumaa jioni. Sikutumia maneno ya kazini. Nilimwambia dawa ilistahili kuja huku mwezi wa tatu na mimi ndiye niliyeipeleka kwingine, na kwamba alivyoniambia siku ile ya mchele alikuwa sahihi kuliko kompyuta yangu.

Alimsogeza mtoto, akamfuta mdomo kwa ncha ya kanga.

"Kwa hiyo tulipokwambia, ulikuwa unatuona waongo."

"Niliwaona mnataka upendeleo."

"Tulitaka." Akanitazama usoni. "Nilitaka, wifi. Nimezika wawili. Ningetaka hata kama mbu wangekuwa juu. Lakini walikuwa hapa."

Nikaanza kulia. Sikupanga, na sikujua kama ninayo machozi ya namna hiyo. Kwa kawaida mimi hugomba.

"Usinililie," akasema, bila ukali. "Ninaye mmoja wa kubembeleza, ananitosha. Nenda kalie nje. Ukimaliza urudi umshike, mimi sijaoga tangu jana."

Nilikwenda nikasimama uani kati ya kamba za nguo. Jirani alinisalimu, nikaitikia. Niliporudi wifi alikuwa ameshachukua ndoo. Akaniwekea mtoto mikononi, akanirekebisha kiwiko, akatoka.

Ni mwepesi mno. Nikaketi ukingoni mwa kitanda, nikamfunua miguu nione kama ana joto. Kwenye kifundo cha mguu wa kushoto kulikuwa na kivimbe kidogo chekundu, cha kuumwa na mbu. Nikamkagua mwili mzima, mikono, shingo, nyuma ya masikio. Nilikuta hicho kimoja tu. Nikashusha chandarua tukiwa wote wawili ndani, nikakichomeka chini ya godoro pande zote, nikakaa nikisikiliza maji ya bafuni yaache kumwagika, ili akitoka nimwambie kabla hajakiona mwenyewe.